Dohani na Mikia Yake: Moshi Watuambia Nini?

Msomaji mpenzi, umepata kupita katika mtaa wa viwanda hapa kwetu Kampemba asubuhi ya mwezi wa Juni, wakati baridi yatufanya tutafute makoti? Basi, wajua ya kuwa saa hiyo kila dohani, hata ile ya tanuru dogo la mkate, yaonekana imeota mkia mkubwa mweupe. Jua likiisha kupanda, yapata saa 5, mikia mingi hutoweka. Dohani ni zile zile, moto ni ule ule, na kazi haikusimama. Ni kitu gani basi kilichobadilika?

Swali hilo tuliulizwa darasani na mtoto wa miaka 12, nasi tukamjibu vibaya. Tulisema, "Asubuhi wanachoma sana, mchana wanapunguza." Lilikuwa jibu la kubahatisha. Lakini neno la mwalimu halibaki darasani. Jioni ile ile lilifika katika nyumba nyingi, na baada ya majuma 2 wazazi wa shule yetu walikusanyika wakaandika barua kwa wenye kiwanda kimoja, ambacho jina lake hatutalitaja hapa. Walilalamika juu ya wingu jeupe litokalo kila alfajiri na kupita juu ya paa zao. Kalamu tulishika sisi.

Wenye kiwanda walituita watu 4 tuje tujionee. Tukaonyeshwa mashine chini ya dohani ile: palikuwa na mitungi ya maji yanayochemka, na lile wingu lilikuwa mvuke wa maji, wala si kitu kingine. Walicheka kidogo, kwa adabu, wakatupa soda. Tukatoka na aibu yetu.

Lakini katika wale 4 alikuwamo baba mmoja mzee, aliyefanya kazi miaka mingi mbele ya matanuru ya shaba. Tulipofika nje ya lango alitushika mkono, akatuonyesha dohani nyingine, nyembamba, iliyosimama nyuma ya ghala. Katika barua yetu hatukuitaja hata kwa neno moja. Ilitoa moshi mdogo, wa rangi ya samawati iliyofifia, ambao mtu asiyetazama vema asingeuona kabisa.

"Mwalimu," akasema, "utazame ule. Ule haukatiki."

Tuliufuata kwa macho. Ulipita ghala, ukapita ukuta, ukapita miembe ya jirani, na mwisho wake hatukuuona. Lile wingu kubwa jeupe, kumbe, lilikuwa limekwisha kufa hatua chache tu kutoka dohani yake.

Neno hili la mzee, "haukatiki", ndilo tutakalolieleza leo, maana lina elimu nyingi ndani yake, na wataalamu wa nchi kubwa hawana njia iliyo mbali nalo.

Weka birika motoni, ulitazame linapochemka. Karibu kabisa na mdomo wake pana nafasi ndogo isiyo na kitu cha kuonekana. Baada ya nafasi hiyo ndipo wingu jeupe huanza. Mvuke wa kweli ni ile nafasi tupu, kwa kuwa mvuke hauonekani kwa macho. Wingu ni matone madogo sana ya maji yaliyopatikana mvuke ulipokutana na hewa ya baridi. Mbele kidogo matone hayo hunywewa na hewa, na wingu limekwisha. Dohani yafanya vivyo hivyo. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi, kwa hiyo asubuhi ya Juni mkia wa mvuke hurefuka. Hewa ya mchana, yenye joto na ukavu, huyanywa maji upesi, na mkia hufupika au hutoweka. Hilo ndilo jibu tulilopaswa kumpa yule mtoto.

Vumbi lina tabia nyingine. Chembe ya majivu, au ya chumvi, au ya madini, haigeuki kuwa hewa kwa sababu jua limepanda. Hutawanyika, hufifia, huanguka polepole, lakini yabaki kuwa chembe. Kwa hiyo atakaye kujua kama dohani yatoa vumbi asitazame ukubwa wa wingu; atazame mahali wingu la mvuke linapokatika, kisha aulize: baada ya hapo, je, umebaki mkia wowote? Ikiwa mbingu ni safi, basi vumbi ni dogo. Ikiwa umebaki ukungu mwembamba unaoendelea na upepo, huo ndio moshi wenyewe, nalo wingu lilikuwa kama pazia mbele yake.

Viwanda vya karatasi vyalionyesha jambo hili kuliko vingine vyote, kwa hiyo twende kidogo mpaka Kenya ya magharibi, katika mji wa Webuye, ambao zamani uliitwa Broderick Falls. Hapo, karibu na mto Nzoia, kilijengwa kiwanda kikubwa cha Pan African Paper Mills. Kampuni iliundwa mwaka 1969, na karatasi ilianza kutoka mwaka 1974. Tanzania nayo ilipata kiwanda cha namna hiyo huko Mgololo, wilaya ya Mufindi, katika miaka ya 1980. Kile cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, kisha mwaka 2016 kikauzwa kwa wenyeji wengine. Miaka yote kilipofanya kazi, watu wa Webuye walilalamika juu ya mambo mawili: harufu mbaya, na mabati ya nyumba zao yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati.

Kwa nini kiwanda cha karatasi kitoe wingu kubwa hivi? Miti hukatwa vipande vidogo, ikapikwa katika mitungi pamoja na magadi makali na dawa za salfa, mpaka nyuzi zake ziachane. Nyuzi huoshwa, nazo ndizo karatasi. Yale maji yaliyobaki, meusi kama lami, hayamwagwi, maana yana mali mbili: utomvu wa mti, ambao ni kuni nzuri, na zile dawa za bei. Hupunguzwa maji mpaka yawe mazito, kisha hupulizwa katika tanuru kubwa yakaungua. Joto lake hupata kuendesha kiwanda, na dawa hukusanywa chini ya tanuru zitumike tena. Ni busara ya mama mwenye nyumba asiyetupa mafuta ya kukaangia. Lakini maji meusi, hata yakiwa mazito, bado yana maji ndani, kwa hiyo moshi wa tanuru hili hutoka na mvuke mwingi mno, na siku ya baridi wingu lake laonekana kutoka mbali sana. Mgeni hushtuka, kumbe sehemu kubwa ya lile alionalo ni maji.

Hata hivyo si maji matupu. Katika moto ule mkali chumvi ya sodiamu hugeuka hewa, kisha ikipoa hugandamana kuwa chembe ndogo sana, nyingi zikiwa chini ya mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kiwanda kisichoinasa chumvi hiyo chatupa mali yake hewani. Ndiyo sababu viwanda hivi hutumia chombo cha kunasa vumbi kwa umeme, cha namna aliyoitengeneza Frederick Cottrell wa California, Marekani, na kupata hati yake mwaka 1908. Moshi hupitishwa katikati ya mabamba na nyaya zenye umeme wa nguvu. Chembe hutiwa umeme, zikavutwa na mabamba, zikagongwa zianguke chini. Chombo kizima na chenye kutunzwa hunasa zaidi ya sehemu 99 katika 100. Bamba likiharibika, au mtambo ukilishwa kupita kiasi, ule mkia wa samawati huonekana nyuma ya wingu la mvuke. Mwenye kujua huuona, asiyejua husema, "Leo wingu ni lile lile."

Na kwa nini rangi ya samawati? Kwa sababu ile ile inayoifanya mbingu iwe ya buluu. Chembe ndogo sana hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwanga mwekundu. Ukiutazama moshi huo mbele ya kitu cheusi, kama mlima au msitu, waonekana wa samawati. Ukiutazama jua likiwa nyuma yake, waonekana wa kahawia. Watu wawili waweza kugombana juu ya rangi ya moshi mmoja, na wote wawili wasema kweli.

Hapo twafika penye ugumu. Je, jicho laweza kupima? Mfaransa mmoja, Maximilien Ringelmann, aliyekuwa mwalimu wa mashine za kilimo, alitoa mwaka 1888 karatasi yenye miraba ya mistari myeusi juu ya weupe. Mraba wa 1 una weusi wa sehemu 20 katika 100, wa 2 una 40, wa 3 una 60, wa 4 una 80, na wa 5 ni mweusi kabisa. Ukiisimamisha mbali kidogo, mistari huchanganyika katika jicho ikawa rangi ya kijivu. Nawe walinganisha kijivu hicho na moshi wa dohani. Mwezi wa Desemba 1952 ukungu mzito wa makaa uliufunika mji wa London siku 5, na hesabu ya kwanza ya waliokufa kwa ajili yake ilikuwa watu 4,000 hivi. Waingereza walipotunga sheria ya hewa safi mwaka 1956 walikitumia kipimo hicho hicho: moshi ukifika mraba wa 2 au kuupita, ni moshi wa giza, mwenye dohani yuko matatani.

Lakini karatasi ya Ringelmann ni ya moshi mweusi tu. Kwa moshi mweupe Wamarekani waliweka njia nyingine katika miaka ya 1970: mtazamaji hakadirii weusi, hukadiria ni kiasi gani moshi unaziba kile kilicho nyuma yake. Kwanza hufundishwa katika shule ya moshi, nasi tuliposoma habari hiyo tulicheka kwa furaha, maana hatukudhani kuna mtihani wa namna hiyo duniani. Mtahiniwa huonyeshwa mikia 25 ya moshi mweusi na mikia 25 ya moshi mweupe, naye huandika makadirio yake. Akikosea kwa zaidi ya sehemu 15 katika 100 hata mara moja, ameanguka. Akifaulu, lazima arudie mtihani baada ya miezi 6.

Kazini, jua huwa mgongoni pake. Huandika kila baada ya sekunde 15, mara 24, yaani dakika 6, kisha huchukua wastani. Na juu ya mvuke, kanuni ni ile ile ya mzee wetu wa Kampemba. Wingu likianzia mdomoni mwa dohani, mtazamaji hutazama ng'ambo ya pale linapokatika. Likianzia mbali na mdomo, kama lile la birika, hutazama katika ile nafasi kabla ya wingu.

Pamoja na hayo yote, jicho si mizani. Chukua kipande cha chaki ukirushe hewani: hakizuii jua. Kisage chaki ile ile kiwe unga, uupulize: chumba chote chajaa ukungu. Uzito haukuongezeka hata chembe, ila mwanga umezibwa. Basi dohani yenye vumbi laini yaweza kuonekana mbaya sana na huku uzito wa vumbi lake ni mdogo. Na nyingine yenye vumbi zito, la chembe kubwa, yaweza kuonekana safi huku yaangusha mchanga juu ya nguo za watu. Tena upana wa dohani una neno. Chai katika kikombe chembamba ni nyekundu. Chai ile ile katika sufuria yenye kina ni nyeusi. Vivyo hivyo moshi wa namna moja, ukitoka katika dohani pana, waziba mwanga zaidi kuliko ukitoka katika nyembamba. Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani ya mwaka 1978 kwa matanuru mapya ya maji meusi iliweka mipaka miwili mbalimbali: moshi usizibe mwanga kupita sehemu 35 katika 100, na pia kila meta 1 ya ujazo wa hewa isichukue vumbi kupita gramu 0.10. Mpaka wa kwanza hupimwa kwa macho au kwa taa iliyofungwa ndani ya dohani. Wa pili hupimwa kwa kuchota hewa yenyewe, kuichuja, na kuupima uzito wa kile kilichonaswa.

Na gesi je? Hapo macho hayana kazi kabisa. Ile harufu ya mayai yaliyooza iliyowasumbua watu wa Webuye haina rangi wala umbo. Dohani ingeweza kunasa vumbi lake lote, wingu likakatika vizuri kabisa, na bado harufu ikawafikia watu mezani.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda Kenya ili kulijua hilo. Upande wa pili wa mji wetu yasimama dohani kubwa ya shaba, ambayo watoto huiita shemine, na kando yake kile kilima cheusi cha mabaki ya matanuru. Shaba ya kwanza ilimiminwa huko tarehe 30 Juni 1911, wakati wa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1967 mali hiyo ikawa ya serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa miaka mingi matanuru hayo yalipokea mawe yenye salfa kutoka Kipushi. Salfa ikiungua hutoa gesi isiyoonekana, lakini koo laijua mara moja, na majani ya miti yaijua pia. Pamoja na gesi hiyo lilitoka vumbi la shaba, zinki, risasi, kadmi na aseniki.

Upepo wetu, hasa wakati wa kiangazi, hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi ule ulikwenda kaskazini-magharibi, mwaka baada ya mwaka. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wameifuata njia yake juu ya ardhi: imechora umbo la pembe, iliyoanzia kwenye dohani na kupanuka kufuata upepo. Katika sehemu za Penga Penga miti ya miombo iliisha, udongo ukabaki uchi, na palipoota kitu, ni vijani vichache vyenye kustahimili shaba. Kazi ya matanuru yale ilizimika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Moshi wake uliondoka siku ile ile. Madini yaliyoanguka hayakuondoka. Mkia wa moshi uliokatika machoni pa babu zetu, ardhini haujakatika hata leo.

Sisi wa Kampemba tulikuwa na bahati ya upepo, kwa kuwa tuko upande wa mashariki. Hata majina ya mitaa yetu yajisifu: tuna Hewa Bora, na tuna Bel-Air, ambalo kwa Kifaransa ni sifa ile ile ya hewa nzuri. Lakini tuna mtaa wa viwanda katikati yetu, tuna magari ya mawe, na tuna barabara za vumbi ambazo hazina dohani wala mkia wa kutazama. Mwaka 2009 madaktari wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, na watoto waliwazidi watu wazima. Mtoto hucheza chini, hula kwa mkono ulioshika mchanga. Vumbi likianguka, yeye ndiye alipataye kwanza.

Basi tuirudie barua yetu. Tulipomaliza kuona aibu, tulimrudia yule mtoto wa miaka 12, tukakiri mbele ya darasa kwamba tulimjibu vibaya. Kisha tukanunua daftari. Kila siku ya shule wanafunzi 2 walisimama mahali pamoja uani, jua mgongoni, wakaitazama ile dohani nyembamba ya nyuma ya ghala. Waliandika saa, upepo watoka wapi, mbingu ikoje, mvuke upo au haupo, na mkia wafika wapi: ghalani, ukutani, miembeni, au ng'ambo ya miembe. Rangi tuliwakataza kuiandika, kwa ajili ya ule ugomvi wa samawati na kahawia. Tena kila Jumamosi walifuta kizingiti cha dirisha moja kwa kitambaa cheupe kilichotiwa maji, wakakiweka katika bahasha yenye tarehe.

Baada ya majuma 9 wazazi waliandika barua ya pili. Safari hii haikuwa na neno "sumu", wala "wingu". Ilikuwa fupi, na pamoja nayo vilikwenda kurasa za daftari na bahasha 9. Hakuna aliyecheka. Msimamizi alikuja mwenyewe shuleni, akasimama uani pale waliposimama watoto, akatazama kitambo. Akasema ya kuwa mifuko ya nguo ichujayo vumbi ndani ya mtambo ule ilikuwa imechanika, na mipya ilikuwa imeagizwa, lakini imekawia njiani.

Ilifika mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Daftari laonyesha tangu siku hiyo "ghalani", "ghalani", "hakuna", na mara moja "ukutani", siku ambayo umeme ulikatika ukarudi. Kitambaa cha Jumamosi bado hutoka na vumbi, jekundu sasa, la barabarani.